Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vifuniko

Kwa Wakuu mnaohusika na vifuniko, vizibo, lakiri na vifungashio vya kila aina,
Popote mlipo, ghorofa yoyote, ilimradi lifti inafanya kazi.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA KUWA KIPIMO CHA VIFUNIKO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza niwapongeze. Mafuta ya alizeti ya nchi hii yanalindwa vizuri kuliko nyumba yangu. Mwizi akiingia kwangu usiku atapita dirishani, atabeba televisheni, atabeba pasi, lakini ile chupa ya lita 3 ataiacha mezani kwa heshima. Na hata akiondoka nayo, sina wasiwasi, atairudisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mkazi wa Tabata, mke wa mtu na mama wa watoto ambao wakati wa kufungua kitu huwa wako shule. Nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili, iliyowekwa ipambane na vijidudu, inageuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Viungo vinavimba, vinauma, na visipotibiwa mapema vinaharibika na kupinda. Inapenda hasa viungo vidogo vya mikono, na mara nyingi haina upendeleo: ikishika mkono wa kulia, wa kushoto nao unadai haki yake. Asubuhi vidole vinaamka vimekaza, na kuvilegeza kunaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Majirani zangu wema wamenishauri niache feni, niache kufua kwa maji baridi, na mmoja akanishauri nimrudie Mungu, kana kwamba tuliachana. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kifuniko ndicho kingeweza kubadilika. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Turudi kwenye chupa ya mafuta, maana nadhani wengi wenu hufunguliwa na watu wengine. Kizibo cha nje kimeshikamana na pete yake kwa vijimeno vidogo vya plastiki, na vyote vinatakiwa kukatika kwa mzungusho mmoja. Kuzungusha kunataka ubane na usokote kwa wakati mmoja, yaani mambo mawili ambayo vidole vyangu viliyakataa kwa pamoja. Tuseme nimeshinda, nimefunika kwa kanga na kuikaba chupa katikati ya mapaja. Hapo ndipo inapojitokeza kazi yenu bora kabisa: ulimi wa plastiki ulioziba mdomo wa chupa, wenye kipete cha kuvutia. Kipete kinataka kidole kimoja tu. Kidole cha shahada kina nguvu za kuvuta, lakini kiungo chake cha katikati kimevimba na hakipiti. Kidole cha mwisho kinapita bila shida, ila hakina nguvu hata za kumwonya mtoto. Nikapitisha mpini wa kijiko ndani ya kipete na kuvuta kwa mkono mzima. Ulimi ukatoka. Mafuta nayo yakatoka, yakatua kwenye kanga, kwenye zulia na kwenye ujumbe wa kanga uliosema subira ni ufunguo. Sikuwa na la kubishana nao.

Najua mtaniambia kwamba hayo yote ni kwa usalama wa mlaji. Nakubali. Kitu ambacho hakiwezi kuliwa kwa vile hakiwezi kufunguliwa ni salama kabisa. Maji ya chupa yana karatasi ya nailoni iliyobana shingoni, na chini yake kizibo chenye vijimeno. Nimewahi kukaa kituoni jua la saa saba likiniwakia huku nimeshika nusu lita ya maji niliyolipia, nikiyaangalia. Kisha nikamwomba kijana wa bodaboda. Akaifungua kwa sekunde moja, akacheka, akasema, “Mama, hujala leo?” Nilikuwa nimekula. Nilikula mkate, kwa sababu mkate umefungwa kwa kijiklipu ambacho mwanangu huacha bila kukirudisha, na Mungu ambariki kwa uzembe huo.

Kwenye maduka yenyewe, yale makubwa yenye viyoyozi, mambo huanzia mlangoni. Mbele kuna mteremko wa saruji kwa ajili ya viti vya magurudumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na duka, likiwa raia mwema, likajenga mteremko. Pikipiki zimeegeshwa juu yake. Sina kinyongo, kwani mimi si mtu wa kiti, natembea. Hilo ndilo tatizo langu na sheria, na mlinzi, na foleni: natembea. Tangazo linasema mpishe mzee, mjamzito na mwenye ulemavu. Sina mkongojo, sina mimba, mvi zangu hazijafikia kiwango. Nikisogea kule mbele, macho ya foleni nzima yananiuliza ninaumwa nini, na kwa kuwa vidole vilivyovimba huonekana tu ukivitazama, na watu hawatazami vidole, narudi nyuma. Nimefikiria kuazima mkongojo wa baba mkwe. Tatizo mkongojo unashikwa kwa mkono.

Toroli nitaruka, kila mtu analijua lile gurudumu la mbele linaloelekea kushoto wakati dunia nzima inaelekea kulia. Niseme tu kwamba kulirudisha njiani ni kazi ya kifundo cha mkono, na changu kiko likizo.

Kaunta nayo ina yake. Binti keshia ananirudishia chenji, noti juu, sarafu juu ya noti, risiti juu ya sarafu, vyote kwa mpigo, na nyuma yangu kuna baba anayehema kwa hasira. Sarafu ya shilingi 50 ikianguka kwenye kaunta ya kioo, kwangu imeshakwenda. Kuidonoa kunahitaji ncha mbili za vidole zikutane, na zangu siku mbaya hazisalimiani. Zamani nilikuwa nalalamika nikipewa pipi badala ya chenji. Siku hizi naipokea kwa shukrani, halafu nafika nyumbani nashindwa kuifungua.

Baada ya hapo ni mfuko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na sina ugomvi na marufuku yenyewe. Mitaro yetu ilistahili kupumua. Ila mfuko mbadala ukijazwa sukari, unga na sabuni, mikanda yake inajikunja kuwa kamba, na kamba inakaa palepale kwenye vifundo vya vidole, mahali ambapo daktari aliniambia nipatunze. Kwa hiyo nautundika kwenye kiwiko. Natembea hivyo hadi kituoni, mkono umekunjwa kifuani, na wapita njia wanadhani naringa.

Sasa nifike kwenye dawa, ambako sanaa yenu imefika kileleni. Dawa yangu ya viungo, ile inayomezwa mara moja tu kwa wiki, ilikuja safari moja katika chupa ya kizibo cha kubonyeza na kuzungusha. Kizibo cha aina hiyo kina historia ya kuheshimika. Daktari mmoja wa Canada, Henri Breault, alichoka kuwaona watoto waliomeza vidonge vya wakubwa, na mwaka 1967 kukapatikana kizibo kilichowashinda. Marekani ikakitungia sheria mwaka 1970. Hakuna mama atakayekipinga. Lakini hebu soma taratibu za majaribio za huko: kizibo kinajaribiwa kwa watoto wa miezi 42 hadi 51, ambao wanatakiwa washindwe, na kwa watu wazima wa miaka 50 hadi 70, ambao wanatakiwa waweze. Mtu mzima mwenye ugonjwa, jeraha au ulemavu utakaomzuia kushiriki vizuri haruhusiwi kuingia kwenye jaribio. Yaani kizibo cha dawa kinapimwa na watu wasioumwa. Wenzetu hao angalau sheria yao inampa mgonjwa nafasi ya kuomba kizibo cha kawaida. Mimi niliomba, na mfamasia akaniangalia nikaona aibu, akanishauri nitafute mtoto anifungulie.

Nilimtafuta. Wa jirani, darasa la pili. Alifungua.

Wakuu, msidhani nalia peke yangu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na takriban asilimia 70 ni wanawake, yaani walewale mnaowachora kwenye lebo zenu wakitabasamu na mwiko mkononi. Na hauangalii cheo. Christiaan Barnard, aliyepandikiza moyo wa kwanza wa binadamu pale Cape Town mwaka 1967, alikuwa nao mikononi, na mwaka 1983 akaacha upasuaji. Mikono iliyobadilisha moyo wa mtu ilishindwa na vifundo vyake. Mnataka mimi niishinde chupa ya tomato?

Na hapa naomba niwataje washindani wenu, kwani nasikia wanasumbua soko. Mangi wa mtaani kwetu ana duka la mita chache za mraba, nondo mbele, friji moja inayonguruma. Hana mteremko wala cheti cha ukutani. Nikifika anasema, “Shikamoo mama, mikono leo vipi?” Kisha, kabla sijajibu, ameshachana pakiti ya maziwa pembeni kwa kisu, ameshalegeza kizibo cha maji na kukirudishia kwa mbali, mafuta amenipimia robo kwenye chupa yangu ya mdomo mpana, na mfuko ameufunga kitanzi kikubwa kinachopita mkono mzima. Mtungi wa gesi, ambao mnauita wa kilo 15 kana kwamba chuma chake hakina uzito, anauleta kijana wake, anaondoa lakiri, anafunga regulata, anajaribu moto, anaondoka. Taifa lina mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mimi ni miongoni mwa walioitikia. Lakini aliyeniingiza kwenye asilimia hiyo ni kijana wa Mangi. Gengeni vilevile: mama wa genge ananimenyea vitunguu saumu huku tukisengenya, nazi inatoka imekunwa, na hakuna aliyeandika mahali kwamba hiyo ni huduma jumuishi. Halafu tunahimizwa tuachane na vya kupima, tununue vilivyofungashwa, tuwe wa kisasa. Niko tayari kuwa wa kisasa siku ambayo usasa utakuja na mtu wa kuufungua.

Au msilete mtu, leteni akili. Mwaka 1990 Mmarekani Sam Farber alitoa vyombo vya jikoni vyenye mipini minene ya mpira, kwa sababu mkewe alikuwa na maradhi ya viungo na kimenyeo cha kawaida kilimtesa. Vilinunuliwa hata na watu wazima wa afya. Na Shirika la Kimataifa la Viwango lina kiwango cha urahisi wa kufungua vifungashio, ISO 17480, tangu 2015. Kiwango kipo. Pengine nakala yenu ilikuja ndani ya plastiki ngumu, ile iliyounganishwa pembe zote nne, na mnasubiri mkasi, ambao nao umefungwa kwenye plastiki kama hiyo.

Ndipo ninapoleta maombi yangu. Nasikia bidhaa hupimwa unyevu, hupimwa uzito, hupimwa vimelea, na chupa zingine huangushwa makusudi kuona kama zitapasuka. Sijasikia chupa iliyopelekwa kwa mwanamke wa Tabata ikaachwa naye chumbani. Naomba kazi hiyo. Sihitaji mafunzo. Sihitaji umeme, wala kuagizwa kutoka nje, wala kufanyiwa marekebisho kila mwaka, maana mkono wangu hurekebishwa na ugonjwa wenyewe. Uzoefu ninao.

Masharti ni machache. Upimaji ufanyike saa 12 asubuhi, wakati vidole vyangu viko katika hali bora kwa sayansi. Meno, kisu, mlango wa bafuni na watoto wa jirani visihesabiwe kuwa vifaa halali vya mlaji. Mkuu mmoja awepo wakati wa zoezi, akae kimya, asiseme “hebu lete nikusaidie”, kwani akisaidia jaribio limeharibika na tutaanza upya na chupa nyingine.

Kuhusu malipo, sitaki mshahara. Nitakachofungua nakwenda nacho nyumbani; nitakachoshindwa mtabaki nacho ninyi. Kwa viwango vya sasa, ofisi yenu haitapata hasara yoyote, na huenda mkahitaji stoo ya pili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mnunuzi, Tabata, Dar es Salaam

(Barua hii imechapwa kwa simu, kwa kidole gumba. Sahihi haipo kwa sababu kalamu iliyonunuliwa kwa ajili hiyo ina kifuniko cha kubana.)

Nakala: Mangi, kwa taarifa.