Mbu wa Mbita, Mfadhili Asiyetajwa

Watu wakihesabu wafadhili wa masomo ya uzamivu huanza na Wajerumani, wakaja kwa Waingereza na Jumuiya yao ya Madola, wakamalizia na tajiri fulani wa Marekani. Mbu hatajwi. Kwingine huo ni usahaulifu tu, lakini hapa Mbita, kwenye Ziwa Victoria upande wa Kenya, ni utovu wa adabu. Nina shaka kama yuko mheshimiwa yeyote wa kando ya ziwa hili aliyefungua njia ya Ulaya kwa wasomi kama bibi huyu wa miguu sita.

Nasema bibi kwa kuwa dume haumi. Yeye hushinda akifyonza utamu wa maua, na elimu ya juu haimdai kitu. Jike ndiye anayetafuta damu ili mayai yake yakomae, na kutokana na uchungu huo wa uzazi zimepatikana tasnifu nyingi ajabu.

Tazama masharti yake. Mfadhili wa kawaida anadai barua za waamuzi watatu, na mmoja wao lazima awe profesa asiyejibu barua pepe. Anadai ufanye mtihani wa Kiingereza unaolipiwa kwa dola, wewe uliyesomeshwa kwa Kiingereza miaka yote na kuadhibiwa ulipoteleza ukasema Kijaluo darasani. Anadai taarifa ya benki yenye fedha ambazo ungekuwa nazo usingemsumbua. Unajaza fomu saiba, stima inapotea ukiwa ukurasa wa mwisho, na mwenye saiba anakudai dakika zote ulizokaa. Mbu hana fomu. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa chifu anawatembelea sawasawa, hasubiri msimu wa basari, wala hataki asimame kwenye harambee asomewe jina.

Mbita haikuanza jana kupeleka watu ng'ambo. Vuka uingie kisiwa cha Rusinga utalikuta kaburi la Tom Mboya, aliyepanga safari ya 1959 iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani. Mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000, na katika kundi la 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Ni kazi kubwa, sibishi. Lakini Mboya alilazimika kuzunguka Marekani akihutubia hadi sauti imkauke ndipo nauli ipatikane. Mbu huketi ukutani tu, nyuma ya kabati, fedha zikamfuata. Na Maathai mwenyewe, baada ya kupata uzamivu Nairobi mwaka 1971, aliingia mashambani kukusanya kupe wa ng'ombe kwa ajili ya utafiti. Kupe naye ana mkono wazi.

Aliyeutambua ukarimu huu mapema kuliko wengi ni Thomas Odhiambo. Wadudu walimfikisha Cambridge, akatoka na uzamivu mwaka 1965, na mwaka 1970 akaanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, jijini Nairobi. Tawi lake la Mbita sasa linaitwa kwa jina la Odhiambo. Tangu 1983 icipe inaendesha mpango wa ARPPIS, unaowapa Waafrika nafasi ya kusomea uzamivu katika sayansi ya wadudu huku wakisajiliwa katika vyuo vikuu vya bara hili, na shirika la DAAD la Ujerumani ni miongoni mwa wanaolipa. Kwa kijana wa Kamerun au Ethiopia, basi, ng'ambo inaweza kuwa Mbita penyewe, na karamu ya ughaibuni ikawa ngege kwa ugali.

Mfadhili huyu anatunzwa inavyostahili. Ndani ya maabara viluwiluwi wake hulelewa kwenye makarai ya plastiki yenye maji ya kina kifupi, na chakula chao ni Tetramin, chakula cha samaki wa mapambo kinachotengenezwa Ujerumani. Nje ya ua, omena wameanikwa juani kwenye nyavu, wenyewe wakingoja bei ipande. Mbu wakikomaa huhamishiwa kwenye vizimba vya chandarua, wakawekewa pamba iliyolowa maji ya sukari. Nimewajua watahiniwa wa uzamivu waliokula vibaya zaidi.

Heshima kubwa zaidi alipewa Rusinga. Kati ya 2013 na 2015, icipe, Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na taasisi ya Uswisi iliyokuwa Basel walienda nyumba kwa nyumba wakiweka mitego yenye harufu ya binadamu, kila mmoja na feni yake. Feni inahitaji umeme, hivyo kila nyumba ikapata paneli ya sola, balbu mbili na mahali pa kuchajia simu. Taa zikawaka kwa heshima ya mbu kabla hazijawaka kwa heshima ya mpiga kura. Mtego ukaitwa Suna, jina la mbu kwa Kijaluo, kama ukumbi wa chuo unavyopewa jina la aliyeuchangia. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2016: maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa asilimia 29.8 penye mitego. Na watu wakapata uzamivu, jambo ambalo majedwali hayakulionyesha.

Kwa hiyo anayetafuta nafasi asianze na orodha ndefu za ufadhili. Aanze na mdudu. Fedha nyingi za uzamivu haziko kwenye mifuko ya ufadhili, ziko ndani ya miradi: profesa anapata ruzuku, na ndani ya ruzuku mna fungu la mwanafunzi mmoja au wawili, linalotangazwa kama kazi ya kawaida yenye mshahara. Mwandikie barua fupi inayouliza kitu cha kweli kuhusu mdudu wake, si barua ya kumsifu. Uliza pia kuhusu utaratibu ambao Wageningen wanauita sandwichi: unaanzia Uholanzi, unarudi kufanyia utafiti kwenu, unaenda tena kuandika. Mkate ni wao, nyama ni mbu wetu.

Kasoro moja nitaikubali. Ada hulipwa kwa damu, na aliyelipa si aliyesoma. Mtoto anayetetemeka kwa homa kwenye benchi la zahanati ametoa mchango wake wote, lakini cheti kitaandikwa jina jingine. Mbu mwenyewe akikaushwa na kutiwa kwenye kichupa, atapata kibali apande ndege, wakati aliyemkamata bado anaitwa kuongeza nyaraka za viza.

Sasa nasikia wanataka kummaliza. Mwaka 2020 watafiti wa icipe walitangaza kijidudu, Microsporidia MB, kinachoishi ndani ya mbu, wakiwamo wa ukanda huu wa ziwa, na kuzuia vimelea vya malaria visikue humo. Mama humrithisha mwanawe. Wanaosubiri nafasi za masomo wasiwe na hofu. Mazishi hayo yatagharamiwa na marehemu mwenyewe, na kwa jinsi sisi wa huku tunavyojua kuvuta matanga, yatachukua miaka, kila mwaka ukihitaji wanafunzi wawili watatu wa uzamivu na daktari mmoja aliyehitimu juzi, anayetafuta mkataba.