Namna ya Kumshinda Mwenye Subaru kwa IST ya Mama

Una IST ya mama, ya kupeleka watoto shule na kubebea viazi vya sikukuu. Jirani yako ana Subaru ambayo ikiwashwa alfajiri mtaa mzima unajua anakwenda kazini. Mwongozo huu ni wa kumshinda mchana kweupe, mbele ya watu, pale Tosamaganga, Iringa, na mwenyewe akubali kwamba ameshindwa kihalali. Huhitaji kufunga turbo. Boneti utaifungua kuangalia maji na oili, basi.

Siri iko kwenye aina ya mbio. Drag wengi tunaijua: magari mawili, njia iliyonyooka, anayetangulia kufika ndiye bingwa, na bingwa huyo kwa kawaida ni mwenye hela nyingi. Lakini Marekani, ambako Wally Parks alianzisha chama cha NHRA mwaka 1951 ili mbio za vijana zitoke barabarani ziingie viwanjani, kuna drag nyingine ya watu wa kawaida. Kila dereva hulijaribu gari lake kwanza, akapimiwa muda, kisha akaandika kwenye kioo muda anaoamini gari litatumia. Gari la polepole huruhusiwa mapema, la kasi likasubiri tofauti ya muda wao. Na ukienda haraka kuliko ulivyoandika, umeshindwa. Kwa hiyo mjanja wa kuandika muda mrefu ili apewe nafasi kubwa anajifunga mwenyewe.

Tupige hesabu. Umbali ni mita 201, nusu ya zile 402 za drag kamili, na kwa magari yetu zinatosha. IST imeandika sekunde 12.40, Subaru 10.60, kwa hiyo taa yako ya kijani inawaka sekunde 1.80 kabla ya yake. Unaondoka sekunde 0.08 baada ya kijani, na gari linatumia 12.46. Jirani amechoka kukuangalia ukiyoyoma, anashtuka amechelewa 0.20, kisha anatumia 10.65. Jumlisha pamoja na zile 1.80 alizosubiri: yeye 12.65, wewe 12.54. Umemwacha kwa sekunde 0.11, ambayo kwa mwendo wake wa pale mwisho ni kama mita 3. Gari lake linalizidi lako kwa kila kitu na bado umeshinda, kwa sababu unalijua lako kuliko yeye anavyolijua la kwake.

Atakayesema huo si mchezo wa kiume, mkumbushe mbio za magari za Safari Rally. Mashindano ya kwanza ya mwaka 1953, yalipokuwa yakiitwa Coronation Safari, yaligawa magari kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini, ili mwenye gari la bei nafuu apambane na wa saizi yake. Na mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na mdogo wake Jaswant, waliishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Iringa nayo si ngeni kwa magari ya mbio. Rally yenye jina la Mkwawa imepita kwenye vumbi la mkoa huu na watu wakajaa pembeni. Drag ya kutaja muda ingewapa hao waliosimama pembeni nafasi ya kuingia na magari yao wenyewe.

Sasa uwanja. Tosamaganga haina uwanja wa drag, kwa hiyo unautengeneza. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, kisicho na mteremko, chenye nafasi ya kusimamia isiyopungua mara mbili ya umbali wa mbio. Yaani mita 200 za kukimbia na 400 za kupoa. Barabara ikiwa ya TARURA, ruhusa inaanzia TARURA na halmashauri. Ikiwa kuu, TANROADS. Vyovyote iwavyo, polisi wa usalama barabarani lazima wajue, na Chama cha Magari Tanzania, AAT, ndicho chenye dhamana ya michezo hii nchini. Kabla ya hizo ofisi zote nenda kwa wazee wa kijiji, wasalimie kamwene, ueleze. Mzee mmoja akikubali, mbuzi wa kijiji kizima watafungwa siku hiyo.

Panga Jumamosi. Jumapili asubuhi Tosamaganga, misheni ya tangu enzi za Wajerumani, barabara ni ya wanaokwenda misa. Hospitali iko hapohapo, lakini isikupe ujasiri wowote. Gari la wagonjwa liwe limeegeshwa uwanjani na dereva wake ndani, la sivyo hakuna mbio. Watazamaji wakae nyuma ya kamba, mbali na lami, na hakuna anayeruhusiwa kusimama mwisho wa njia hata akiwa mpiga picha wa harusi. Pombe ya ulanzi ni baada ya mashindano. Dereva akionekana ameonja kabla, jina lake linafutwa, na hili halina mjadala hata kama ni shemeji yake mwenyekiti.

Kuhusu gari, ondoa dhana ya kulipunguza uzito. Gunia la viazi likiwa ndani, liache. Ila likianza asubuhi liwepo hadi jioni. Hapa unatafuta gari linalorudia kitu kilekile. Mafuta yawe kiwango kimoja kila raundi, kwa maana lita 10 za petroli ni zaidi ya kilo 7. Upepo wa matairi upime asubuhi na baada ya kila mbio. Kiyoyozi zima. Gia za oto, ambazo wenye Subaru ya gia za mkono huzicheka kijiweni, hapa ni neema: hazikosei kubadilisha, hazitetemeki mkono. Ukiona mtu anachoma matairi kwenye maji kabla ya kuanza, usimwige. Matairi yako ya kawaida yana mifereji inayobeba maji hadi kwenye mstari, nawe utateleza. Zunguka dimbwi.

Kisha hewa. Iringa iko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo muda uliopima ukiwa Dar hauna maana huku. Hata ndani ya siku moja mambo hubadilika. Asubuhi ya Julai yenye baridi kali gari huvuta vizuri, saa sita jua likiwaka linazorota. Uwe na daftari. Andika saa, joto, upepo unatoka wapi, muda uliopata. Dereva mwenye daftari lililojaa ana hatari kuliko mwenye bomba la moshi jipya.

Kuanza ndiko kunakoua wengi, maana taa za kuanzishia mbio, zilizoanza kutumika Marekani mwaka 1963, huwaka njano tatu kwa kupishana nusu sekunde, ndipo kijani. Ukiisubiri kijani umechelewa tayari. Mguu na gari vyote vinahitaji muda kuitikia, kwa hiyo unakanyaga ile njano ya tatu inapowaka. Ukiwahi mno, nyekundu inawaka na umetoka. Weka kisigino sakafuni, macho kwenye taa yako tu, na usimtazame jirani. Yeye hana la kukusaidia.

Vifaa visikutishe, ila saa ya mkononi haifai. Mkono wa binadamu hukosea kwa sehemu ya sekunde kubwa kuliko ile 0.11 uliyoshinda. Unahitaji miale ya mwanga kwenye mstari wa kuanzia na wa kumalizia, na kikompyuta kidogo cha kuhesabu. Vijana wanaosoma umeme VETA wanaweza kuunda kitu hicho, na wapewe kazi hiyo kwa malipo, si kwa soda.

Mwisho wa njia, mjuzi akiona amemzidi mwenzake kwa wazi hupunguza mwendo asije akamaliza kwa muda mfupi kuliko alioandika. Mwanamichezo mpya asijaribu. Kanyaga hadi mstari upite, kisha toa mguu taratibu, baki kwenye njia yako, usifunge breki ghafla. Magari yote mawili yakienda haraka kuliko yalivyoandika, anashinda aliyezidisha kwa kiasi kidogo zaidi.

Halmashauri, TARURA, AAT: tunaomba mita 600 za lami zifungwe Jumamosi moja, saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Nawe mwenye Subaru, mpaka siku hiyo ifike, ukiwa mjini spidi ni 50, na kwenye mlima Kitonga kuna malori. Hifadhi mafuta yako, tutaonana Tosamaganga.