Kamati ya Kunyoosha Mstari

Kanisani kwetu besi ilikuwa ikinguruma hadi inameza mahubiri, nikaombwa nipime spika. Nikasimamisha maikrofoni kwenye benchi za mbele, nikafungua REW, ile programu ya bure ya John Mulcahy, ikapiga mlio wake unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000, kisha ikachora kwenye skrini mstari wa nguvu ya sauti kwa kila hezi. Mama wa usafi akatoka mbio na ufagio wake. Waliobaki, yaani kamati ya mitambo, wakanizunguka.

"Kijana wangu, mbona mstari una mashimo hivi?" akauliza mzee mhazini. "Na hela yote ile tuliyochanga!"

Nikamweleza kwamba ukumbi wa kuta za saruji hauna budi kuonyesha mabonde. Wapi! Akashika kipanya mwenyewe, akabofya anapopajua yeye, na skeli ya wima iliyokuwa desibeli 45 hadi 105 ikabana hadi desibeli kumi tu. Kinundu cha desibeli tatu kikasimama kama Kilimanjaro. Mwenyekiti akashika kifua.

Mwalimu wa kwaya naye akaomba zamu. Bofya moja, skeli ya chini ikatoka kwenye logi, kila hezi ikapewa nafasi sawa na mwenzake. Haki tupu, ila sikio haligawi hivyo: kwake kutoka hezi 100 kwenda 200 ni hatua ileile ya kutoka 5,000 kwenda 10,000. Nusu ya skrini ikachukuliwa na sauti za zaidi ya hezi 10,000, ambazo wazee wetu, kwa heshima zote, waliagana nazo siku nyingi. Kwaya ikabanwa ukutani kushoto. Soprano akipandisha do ya juu, karibu hezi 1,050, ndio kwanza anamaliza moja ya ishirini ya upana wa skrini.

"Kwa hiyo sisi hatuonekani?" mwalimu akauliza kwa uchungu.

Nikarudisha logi, nikarudisha desibeli zangu, kisha nikalainisha mstari kwa theluthi ya okteva. Mabonde yakafukiwa. Kamati ikapiga makofi, mhazini akaagiza grafu ichapishwe ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kikao kikafungwa kwa sala. Spika haikuguswa na mtu.

Walipoondoka nikaisogeza ile ya besi kutoka kwenye kona, na ndipo mngurumo ukapungua. Kwenye muhtasari wa kikao imeandikwa kuwa tatizo lilitatuliwa na mhazini.