Jinsi ya Kubuni Boksi Lisilofungika

Umebuni mchezo wa karata. Hongera. Karata ni 120, picha zimechorwa na kijana hodari wa Kitale, sheria zinaeleweka mtu akishaelezwa mara tatu, na wateja kuanzia Kiminini hadi Kanduyi wameanza kuulizia bei. Kimebaki kitu kidogo tu: boksi la kuzihifadhi. Hapa ndipo wabunifu wengi hujisumbua bure, kwa kupima vitu na kuuliza maswali. Wewe nifuate mimi. Tutaharibu, lakini tutaharibu kitaalamu.

1. Pima karata ikiwa uchi

Karata ya kawaida ina upana wa milimita 63 na urefu wa 88. Unene wake ni kama milimita 0.3. Zidisha kwa 120, unapata 36. Chora boksi lenye nafasi ya 64 kwa 89 kwa 37, weka rula chini, agiza chai. Umemaliza.

Ni kweli kwamba mteja anayeupenda mchezo wako atazivisha karata vifuko vya plastiki, kila moja na chake, zisichakae. Kifuko cha karata ya saizi hiyo kina upana wa 66 na urefu wa 91, kwa hiyo hata kuingia mlangoni hakitaingia. Unene ndio usiseme. Kifuko kizito kina maikroni 100 kila upande. Pande mbili ni milimita 0.2. Karata iliyovaa inakuwa 0.5, na 120 zinakuwa 60. Boksi lako lina 37. Tulia. Wewe umeuza karata, hukuuza nguo zake.

2. Hewa usiihesabu

Dhamiri ikikusumbua, ukaamua kupima karata zilizovaa, basi pima vibaya. Karata iliyovikwa leo hubeba hewa ndani ya kifuko. Zirundike mezani uone: ukibonyeza rundo linashuka, ukiachia linapanda tena. Wenye subira hulilaza usiku kucha chini ya kitabu kizito, kamusi au Biblia ya nyumbani, kisha hulipima likiwa limelegea, na bado huongeza milimita kadhaa za kupumulia.

Wewe libane kwa mikono miwili hadi mishipa ya shingo itokeze, na msaidizi wako asome rula. Akisema sitini na moja, andika hamsini na nane. Mhandisi wa kweli ana matumaini.

3. Kifuniko kibane

Watu wanapenda kifuniko cha boksi la simu ghali, kile kinachoteremka polepole kikitoa pumzi. Wawekee hicho hicho. Usiache hata nusu milimita kati ya kifuniko na ubavu wa boksi. Likiwa tupu dukani, litawavutia sana, na duka ndilo mahali pekee ambapo boksi lako linahitaji kufanya kazi. Piga picha siku hiyo, maana kule nyumbani, karata zikishavaa, kifuniko kitakaa juu yake kama kofia ya shule ya mjukuu kwenye kichwa cha babu.

Mteja akiuliza afanye nini, mshauri atumie rababendi. Rababendi itaziuma kingo za karata ya juu na ya chini, na baada ya muda mchezaji mwenye macho atazijua karata hizo hata zikiwa zimeinamishwa. Hapo umempa na njia ya kuiba ushindi bila kumtoza senti.

4. Trei iwe ya kutazamwa

Ndani ya boksi weka trei yenye vyumba. Vyumba viwe vingi kuliko aina za karata, ili mteja aamini kuna kitu hakupewa. Sakafuni mwa kila chumba chapisha picha ya Mlima Elgon ukiwa na ukungu, kwa rangi zote, kisha uifunike kwa karata milele. Gharama ya wino huo ingetosha kukata tundu la kidole pembeni mwa chumba, lakini tundu la kidole halipigiwi makofi na mtu.

Bila tundu hilo, mteja atajaribu kuchokoa karata kwa kucha, atashindwa, na mwishowe atalipindua boksi lote. Plastiki inateleza. Karata 120 zitasambaa kwenye meza, kwenye kreti ya soda iliyogeuzwa meza, na chini ya pikipiki iliyoegeshwa jirani. Usione haya. Karata zilizovaa ni nene, kuzichanganya mkononi ni kazi ya mtu mwenye viganja vipana, na wewe umeshamchanganyia.

5. Mvua haikuhusu

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mvua ikishaanza Machi au Aprili haina haraka ya kuondoka. Oktoba unaweza kuikuta bado ipo. Karatasi hunywa unyevu. Kifuko kiko wazi juu, kwa hiyo kinaizuia mikono yenye mafuta ya chapati lakini hakiuzuii unyevu wa hewa. Karata hupinda ikiwa ndani ya nguo yake, na ikipinda, rundo linanenepa zaidi.

Watu wa Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka 1956 na makao yake yako hapo hapo Kitale. Mji mzima unajua kwamba mbegu isiyokaushwa vizuri ni hasara. Mkulima anayepeleka mahindi kwa bodi ya nafaka, NCPB, hupimiwa unyevu, na yakizidi asilimia 13.5 huambiwa akayaanike tena. Bahati yako ni kwamba hakuna anayepima karata mlangoni. Panga maboksi yako sakafuni, yaegemee ukuta wa nje, chini ya lile bati ambalo umekuwa ukisema utalitengeneza. Vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vitupe kabla hujashawishika kuweka kimoja kwenye kila boksi.

6. Ukiulizwa unene wa kadibodi, simulia historia

Boksi linalostahimili mikono ya watu hutengenezwa kwa kadibodi ya kama milimita 2. Wewe tumia manila. Manila ni rahisi, inapatikana kila duka la vitabu, na inakunjika vizuri, hasa pale ambapo hukutaka ikunjike.

Siku moja mteja wa Bungoma atabonyeza pembe ya boksi kwa kidole gumba na kukuuliza mbona linabonyea hivi. Usijibu. Vuta pumzi, tazama upande wa Webuye, na uanze kusimulia habari za Panpaper: jinsi kiwanda kilivyoanza kutoa karatasi mwaka 1974, jinsi mji ulivyokua kukizunguka, jinsi msafiri alivyojua kwa harufu kwamba amefika Webuye kabla hajaona nyumba. Shusha sauti unapofika mwaka 2009, kiwanda kilipofungwa. Ipandishe tena kidogo mwaka 2016, kilipochukuliwa na kundi la Rai. Kila mtu wa kaunti ya Bungoma ana mjomba aliyefanya kazi pale, au jirani, au baba mwenye nyumba. Atakuongezea ya kwake, mtasikitika pamoja, na hakuna atakayekumbuka manila. Usidai kwamba karatasi yako imetoka huko. Acha adhani.

7. Katoni ya safari iwe kubwa

Maboksi ya Bungoma utayatuma kwa matatu. Chukua katoni kubwa kuliko mzigo, ili maboksi yapate nafasi ya kucheza. Usijaze pembe kwa magazeti. Kati ya Kitale na Kamukuywa yatakuwa yamezoeana, na kufika Webuye kila kifuniko kitakuwa kimepata boksi lisilo lake.

Juu ya katoni andika kwa kalamu nene UPANDE HUU JUU. Kisha andika hivyo hivyo kwenye pande tano zilizobaki. Kondakta ni mtu huru. Usimfunge kwa maelekezo. Kwa kuwa ulilaza karata vyumbani bila kitu cha kuzikandamiza juu, zitatoka zote na kukusanyika upande mmoja. Mteja akifungua atakuta Mlima Elgon, na hatimaye ile picha itakuwa imeonekana.

8. Jifunike kwa sheria

Malalamiko yakianza kuja, taja marufuku ya plastiki. Sema kwa sauti ya mtu aliyesoma: tarehe 28 Agosti 2017, faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo hadi miaka minne. Kisha uliza kwa upole, kwani yeye vifuko vyake amevitoa wapi?

Usiingie kwa undani. Ukiingia, mtaanza kusemezana kwamba sheria ile ilikuja kwa ajili ya mifuko ya kubebea bidhaa na mifuko bapa isiyo na mikono, na mwenzako anaweza kuwa na mpwa wakili. Taja tarehe, taja mamilioni, nyamaza. Umegeuza kasoro ya boksi ikawa utunzaji wa mazingira.

9. Wakumbushe kadi

Asiyeogopa sheria mshike kwa desturi. Muulize: pale stejini kwa bodaboda, watu hucheza kadi kwa boksi gani? Hakuna boksi. Lilikufa wiki ya kwanza. Karata zinalala kwenye mfuko wa koti la manjano, zimelainika hadi zinakunjika bila kelele, na ile saba ya maua iliyopotea imezibwa na jokeri iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, "7 maua", kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka. Na mchezo unaendelea. Mbili bado inakulisha mbili, tatu bado inakulisha tatu, malkia anauliza swali lake na lazima ajibiwe, na mtu akitangaza "niko kadi" roho za wenzake zinadunda vile vile.

Mteja atakubali, maana ni kweli. Asipate nafasi ya kuwaza kwamba pakiti ile ni ya bei ya soda na inanunuliwa upya kila ikichakaa, ilhali ya kwako ameitolea pesa ambazo angenunulia kuku wawili. Badilisha mada. Muulize shamba likoje.

10. Uza boksi la pili

Sasa ndipo faida ilipo. Tengeneza boksi jingine, tupu, lenye nafasi ya 68 kwa 93, refu kiasi cha karata zilizovaa na hewa yake, kadibodi ya milimita 2, tundu la kidole kila chumba, na kifuniko chenye sumaku. Yaani lile boksi ambalo ungelitengeneza tangu mwanzo. Liite Toleo la Mabingwa. Litoze nusu ya bei ya mchezo wenyewe, na useme yamebaki machache.

Usihofu kwamba watakasirika. Yule aliyelalamika kuliko wote ndiye atakayekuwa wa kwanza kulipa, na atawaambia wenzake wa Kitale na Bungoma kwamba wasiolinunua si wachezaji hasa. Ameshakaa jioni nzima akizivisha karata 120 moja baada ya nyingine, akinyoosha kila pembe, mke wake akimtazama bila kusema neno. Ukimwambia azivue zitoshee kwenye boksi la kwanza, atakuona adui. Ukimuuzia boksi la pili, atakuita fundi.