Wiki Moja Mferejini na Baba

Machi 9, Jumapili

Ami amepiga simu kutoka Lamu: viza ya Baba imetoka, atafika Julai na kukaa nasi Northampton wiki sita. Safari iliyopita alishinda dirishani akitazama magari yakiegeshwa, mimi niko kazini. Sitaki yajirudie. Baba aliingia baharini akiwa na miaka 14, kwenye majahazi ya boriti za mikoko yaliyokuwa yakienda Mombasa, na tangu auze jahazi lake miaka sita iliyopita hajashika kana. Nimemwambia mume wangu kuwa mwaka huu hatuendi popote kwa gari. Tutakodi mashua.

Machi 16, Jumapili

Nimechagua mfereji wa Llangollen, unaotoka Hurleston katika jimbo la Cheshire na kuingia Wales. Una loki 21. Loki ni chumba cha mawe chenye milango mizito mbele na nyuma: mashua inaingia, milango inafungwa, maji yanaongezwa au yanapunguzwa, na mashua inapanda au inashuka kama mtu anayepanda ngazi. Sisi tutaanzia Wrenbury, kwa hiyo zinabaki 12.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwendo hauruhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa, na kwa kuwa lazima upunguze kila unapopita mashua zilizofungwa kando, unabaki na maili 3. Kila loki huhesabiwa kama maili moja. Maili 38 na loki 12 ni 50. Gawanya kwa 3, unapata kama saa 17 za kwenda. Nimechora jedwali la siku saba, na nyakati za swala nimeziweka.

Julai 26, Jumamosi

Tumekabidhiwa mashua. Urefu wake mita 18, upana mita 2 na sentimita 8. Loki zina upana wa mita 2 na sentimita 13, kwa hiyo kila upande inabaki nafasi ya vidole viwili tu. Kijana wa pale alitufundisha kwa dakika arobaini: mashine, gesi, tangi la choo, na kana. Ukitaka kwenda kulia unasukuma kana kushoto. Baba alisikiliza yote amesimama, mikono nyuma. Kijana alipompa kana, alisema, "Hii ni yenu. Mimi abiria."

Dakika ishirini baadaye mashua nyingine ilitujia. Mferejini watu hupishana kwa kulia, basi nikakaa kulia, nikazidisha, tukapanda matope ya ukingoni. Nikatia rivasi, haikusogea. Mume wangu akachukua pondo na kusukuma mpaka ikainama. Baba akatoka ndani na kuwaambia watoto wahamie upande wa kina, wote wawili, na yeye akawafuata. Mashua ikainuka kidogo upande wa matope, ikateleza, ikatoka. Kisha akarudi ndani kumalizia chai yake.

Julai 27, Jumapili

Loki nne kabla ya saa sita, na hendeli moja imepotea. Hendeli ni chuma kilichopinda ambacho huchomekwa kwenye mashine ya mlango ili kufungua vitundu vya maji. Mume wangu aliiacha imechomekwa akaenda kusukuma mlango. Ilipoteleza ilitoa mlio mmoja tu. Tulipewa mbili, sasa tuna moja. Binti yetu ameifunga kwa kamba mkononi na hampi mtu.

Adhuhuri tulifunga kando tuswali. Kwenye simu, mshale wa kibla ulizunguka bila kutulia, kwa sababu mashua ni chuma kitupu. Baba akashuka njiani, akatazama jua lilipo, akaonyesha kwa kiganja kusini mashariki, upande wa ng'ombe waliokuwa wamelala chini ya mti. Tukaswali majanini.

Jioni alikaa tezi, akaangusha kipande cha mkate majini na kukitazama kwa muda mrefu. Kikaondoka taratibu kurudi tulikotoka.

"Mai haya yatembea," akasema.

Nikamwambia ni mfereji, maji ya mfereji hayatembei. Akaangusha kipande cha pili.

Usiku nimesoma kitabu cha ramani tulichopewa, na Baba amesema kweli. Maji haya hutolewa mto Dee karibu na Llangollen, mahali paitwapo Horseshoe Falls, na hutiririka mfereji mzima mpaka bwawa la Hurleston, ambako husafishwa yakawa maji ya bomba. Mwaka 1944 sheria iliruhusu mfereji huu kufungwa usipitishe vyombo tena, na mtiririko huo ndio uliouokoa. Maana yake ni kwamba tunapanda dhidi ya mkondo, na jedwali langu limekosea saa kadhaa.

Julai 28, Jumatatu

Grindley Brook. Loki tatu moja moja, halafu tatu zilizounganishwa kama ngazi, mlango wa juu wa moja ukiwa ndio wa chini wa nyingine. Ukikosea mpangilio wa maji, unamwaga mtaani kwa watu. Mlinzi wa loki alitupanga foleni, wa nne. Tulingoja karibu saa mbili. Alipotuita alitwambia nini cha kufungua na lini, polepole, akirudia, na hakuna tone lililomwagika. Nimemshukuru sana. Alikuwa ameshinda juani na watu wote walikuwa na haraka.

Julai 29, Jumanne

Siku ya leso.

Nilikuwa nimeianika nyuma, juu ya kizingiti, nikaona pembe yake imetulia. Baada ya Whitchurch kuna madaraja ya mbao ya kuinua, na kwenye mojawapo nilirudi nyuma ghafla kwa kuwa daraja lilikuwa halijapanda sawasawa. Mashine ikakohoa. Mashua ikaacha kusikia.

Chini ya kifuniko cha chuma, tezi, kuna shimo linalofika moja kwa moja kwenye rafadha. Unazima mashine, unatoa ufunguo na kuuweka mfukoni, ndipo unapofungua. Mume wangu aliingiza mkono mpaka begani. Leso ilikuwa imejisokota kwenye mhimili kama kamba ya nanga, ngumu, tabaka juu ya tabaka. Baba akaomba kisu cha jikoni, akalala kifudifudi, akamwambia asogee. Hakuivuta. Alitafuta kwa vidole ncha ya mwisho kujiviringisha, akaikata hapo, akaanza kuizungusha kinyume. Ilichukua dakika 50. Ilitoka vipande saba, na maneno yake hayasomeki. Ilikuwa leso ya marehemu mama. Baba alivikamua vipande vyote saba, akavitandaza juu ya paa, na hakuna aliyesema kitu mpaka vilipokauka.

Kabla hatujaondoka alikagua kifuniko mara tatu. Kikilegea, rafadha inarusha maji ndani na mashua inaweza kuzama palepale.

Jioni bomba la jikoni likakauka sabuni ikiwa mikononi. Tangu Jumamosi hakuna aliyejaza tangi. Tumetia udhu kwa maji ya chupa, mtu mmoja nusu chupa. Kuanzia kesho tutajaza kila tunapoona bomba, hata kama tangi lina maji, na kijana wetu ndiye mwenye kazi hiyo.

Julai 30, Jumatano

Bwana mmoja alitoka ndani ya mashua yake iliyofungwa, kikombe mkononi, akatuomba tupunguze mwendo. Chai yake ilikuwa imemwagika. Nikamwomba radhi. Wimbi letu huvuta mashua zilizofungwa na kung'oa vigingi. Nililisoma hilo Machi na nikalisahau nilipoona tumechelewa. Baba alimpungia mkono kwa heshima, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu hapiti mbele ya nyumba ya watu anakimbia.

Tumepita loki mbili za New Marton, za mwisho katika njia yetu. Tumefunga kabla ya Chirk. Upepo wa ubavuni ulitusukuma majanini mara nne. Mashua hizi ni ndefu, ubavu wake ni ukuta, na chini ni bapa. Hazina cha kujishikia majini. Mara ya nne nilikuwa nimechoka sana hata mikono ikatetemeka. Baba akasimama kando yangu, akaweka mkono wake juu ya kana, nyuma ya wangu. Hakuuondoa.

Julai 31, Alhamisi

Baba ameshika kana tangu alfajiri.

Tumevuka daraja la maji la Chirk, la mwaka 1801, Uingereza nyuma na Wales mbele, garimoshi likipita juu zaidi kwenye daraja lake pembeni yetu. Mara ukaja mtaro wa chini kwa chini, mita 421, giza, maji yakidondoka kutoka darini. Binti yetu aliwasha taa na kushika mkono wa mdogo wake. Humo mashua mbili hazipishani, na mkondo hapo ni mwembamba na wenye nguvu, kwa hiyo tulikwenda kama mtu anayetembea kisigino kwa kidole.

Kisha daraja la maji la Pontcysyllte.

Nilikuwa nimewaeleza wote nyumbani, kwa picha. Lilifunguliwa mwaka 1805. Wahandisi ni Thomas Telford na William Jessop. Nguzo za mawe, matao, hori la chuma cha kusubu lenye urefu wa mita 307, na mto Dee mita 38 chini. UNESCO ililiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2009. Nilidhani nimewatayarisha. Sikuwa nimewaambia, kwa kuwa sikulielewa nilipolisoma, kwamba reli iko upande mmoja tu, upande wa watembea kwa miguu. Upande wa pili ukingo wa chuma unaishia chini ya ubavu wa mashua. Ukisimama tezi na kutazama upande huo huoni ukingo wala maji. Unaona vilele vya miti.

Kijana wetu akaingia ndani, akalala sakafuni na mto kichwani. Binti akamfuata kumliwaza. Mume wangu alikuwa omo amekaa chini, ameshika kamba ambayo haikufungwa popote. Mimi nilibaki na Baba kwa sababu magoti yalikataa kunipeleka kwingine.

Baba hakutazama bonde. Alitazama hori. Katikati ya daraja akapunguza mashine mpaka ikawa inanong'ona tu, akainama na kupitisha kidole kwenye kiungo cha mabamba mawili ya chuma.

"Wamezibaje hapa?"

Hilo nililijua. Walikunja flaneli ya Wales, kitambaa cha sufu, wakaishindilia kwenye viungo na kuziba kwa risasi.

Akanyamaza. Kidole chake kilibaki pale mpaka kiungo kikapita, akangoja kinachofuata, akakigusa pia. Pwani kwetu fundi hushindilia pamba iliyoloweshwa mafuta baina ya mbao, kwa patasi na nyundo, uzi kwa uzi, na Baba alifanya kazi hiyo kila mwaka wa maisha yake ya baharini chombo kilipopandishwa mchangani.

"Basi hii kalafati," akasema. "Hawa walitia kalafati daraja."

Akaita jina la kijana wetu kwa sauti ya baharini. Mtoto akatoka, mto bado umekumbatiwa, na Baba akamshika kiganja na kukiweka kwenye chuma. Walivuka nusu iliyobaki hivyo, wamechuchumaa wote wawili, wakihesabu viungo. Kana nilishika mimi.

Agosti 1, Ijumaa

Jana jioni tulitaka kufika Llangollen. Sehemu ya mwisho imechongwa kwenye mwamba na ina nafasi ya mashua moja. Binti alitangulia mbio kuangalia kama njia ni wazi, kisha atupigie simu. Hakukuwa na mtandao. Tulikutana na mashua nyingine uso kwa uso. Mashua hizi zikirudi nyuma hazifuati usukani, kwa hiyo Baba aliturudisha kwa pondo, mita sitini hivi, mume wangu akivuta kamba kutoka njiani. Watu wa mashua ile walitupa keki. Tulilala mjini na tukageuza asubuhi.

Sasa mkondo uko nyuma yetu. Ni wazi kwamba hatutafika Wrenbury kesho saa tatu asubuhi isipokuwa twende mpaka giza liingie, na Agosti giza huku linachelewa. Tulipofunga ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Jedwali nimelikunja nikaliweka chini ya mguu wa meza, unaoyumba.

Agosti 2, Jumamosi

Tuliamka saa kumi, tukaanza kulipopambazuka. Tumerudisha mashua saa nane mchana badala ya saa tatu. Tumelipia kuchelewa na hendeli moja. Yule kijana alisema hendeli hupotea kila wiki.

Baba alibaki tezi akikunja kamba. Hakuzilundika kama tulivyozikuta. Alizikunja duara, kila mzunguko juu ya mwenzake, kwa mkono wa kulia, akaziweka zote nne zikitazama upande mmoja. Kijana akaja kuzihamisha, akasita, akaziacha.

Agosti 3, Jumapili

Ami amepiga simu kuuliza safari ilikuwaje. Nilikuwa jikoni nikishona vipande vya leso, saba vimebaki sita kwa sababu kimoja hakishoneki. Nilimsikia Baba sebuleni. Hakusimulia loki, wala garimoshi, wala ng'ombe. Alizungumzia flaneli, dakika ishirini nzima, na jinsi mtu wa miaka ile alivyojua kwamba chuma nacho kinahitaji kitu laini baina yake. Kisha akamwita mjukuu wake aje amwambie ami mwenyewe, ni viungo vingapi walivihesabu.