Ukiona Bara Laelea, Limeundwa: Kazi 7 za Milima ya Andes

Safu ya Andes imenyooka kilomita zipatazo 7,000 upande wa magharibi wa Amerika Kusini, na wengi wanaipendea theluji na moshi wake. Mimi naipendea uchapakazi. Chini ya volkano zake ardhi ya bara inaumbwa na kukunjwa kwa wakati mmoja. Hizi hapa kazi zake saba, tukianza na ndogo hadi iliyo kuu. Kaza mkanda, msomaji, tunashuka chini.

7. Kuinua vilele
Ojos del Salado, mpakani mwa Chile na Argentina, una mita 6,893: volkano iliyo juu kuliko zote duniani. Kilimanjaro wetu, mita 5,895, hapo unaamkia shikamoo. Ila hawa si ndugu wa tumbo moja. Huku kwetu ardhi inavutwa na kupasuka, kule inabanwa. Mbona basi kilele kimeshika mkia? Kwa sababu sehemu kubwa ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, haifiki juu kabisa. Utamu uko chini.

6. Kumeza sakafu ya bahari
Bamba la Nazca, lililo sakafu ya Bahari ya Pasifiki, linazama chini ya Amerika Kusini kwa sentimita 6 hadi 7 kila mwaka. Unaona ni mwendo wa kinyonga? Mwaka 1960 mwendo huo ulitikisa Valdivia, Chile, kwa tetemeko la kipimo cha 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Na mwaka 1835, baada ya tetemeko la Concepción, nahodha Robert FitzRoy, aliyesafiri na Charles Darwin, alikuta katika kisiwa cha Santa María kome waliooza wakiwa wamegandamana na miamba, mita kama tatu juu ya maji. Bara liliinuka mchana kweupe!

5. Kuwasha moto kwa maji
Naam, kwa maji. Bamba linapofika kina cha kilomita 100 hivi, joto na mgandamizo huyakamua maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Maji hayo hupanda na kuingia kwenye mwamba wa moto ulio juu ya bamba, nao huanza kuyeyuka katika joto ambalo ungebaki mgumu kama ungekuwa mkavu. Unabisha? Tazama mahali ambapo bamba limelala karibu bapa, likakosa mwamba wa moto juu yake wa kupokea maji hayo, kama chini ya sehemu kubwa ya Peru: volkano hai hakuna. Hata Aconcagua, mita 6,961, mkuu wa milima yote ya Amerika, umesimama juu ya sehemu ya namna hiyo, wala hautoi hata moshi.

4. Kuweka akiba ya mawe
Magma isiyofika juu hupoa polepole na kuwa itale na jamaa zake. Pwani ya Peru ina mkanda wa mawe hayo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, uliojengwa kwa miminiko mingi, mmoja baada ya mwingine, kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Haba na haba, lakini kibaba chenyewe ni nchi nzima. Maji ya moto yanayotoka kwenye magma ya namna hiyo ndiyo yaliyokusanya shaba ya migodi ya Chuquicamata na El Teniente, nchini Chile. Waya wa shaba ulio ukutani kwako huenda asili yake ni huko.

3. Kuhama
Bandu bandu huisha gogo. Bamba la bahari linapozama kaskazini mwa Chile hukwangua ukingo wa bara na kwenda nao chini, na safu ya volkano husogea ndani ya bara. Ndiyo maana volkano za enzi za dinosaria zimebaki mabaki pale pwani, na zilizo hai leo ziko ndani, mamia ya kilomita mashariki. Anayejenga bara ndiye huyo huyo anayelibomoa, na hesabu lazima ifanywe kwa pande zote mbili.

2. Kukunja ardhi
Ganda la bara kwa kawaida lina unene wa kilomita 35 hadi 40. Chini ya uwanda wa Altiplano linafika 70. Je, magma pekee imelijaza? Haitoshi. Bara limebanwa, tabaka zikavunjika na kupandana, hadi likapungua upana kwa mamia ya kilomita. Magma nayo ilisaidia, maana mwamba wenye joto hulegea na kukunjika kwa urahisi. Ndiyo sababu Ziwa Titicaca, lililo kwenye uwanda huo, liko mita 3,800 juu ya bahari na boti zinapita kama kawaida.

1. Kuumba bara lenyewe
Hapa ndipo penyewe. Kinachoyeyuka chini kabisa hutoa basalti, nzito na yenye silika asilimia 50 hivi. Ganda la bara lina wastani wa asilimia 60. Inakuwaje? Mwaka 1988 wanajiolojia Wes Hildreth na Stephen Moorbath, kwa kuchunguza volkano za Chile, walieleza kwamba magma hutua chini ya ganda, huyeyusha mwamba wa zamani, huchanganyika nao na kubadilika kabla ya kupanda. Fuwele nzito hubaki chini, na zinaweza kuzama tena. Kinachopanda ni chepesi, hakizamishwi kirahisi. Ndiyo maana sakafu ya bahari kuu nyingi haizidi miaka milioni 200, ilhali Kanada ina miamba ya bara yenye miaka bilioni 4. Sehemu za mashariki mwa Sudan, Eritrea na magharibi mwa Saudi Arabia zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mabaki ya safu za volkano za namna hii, zilizokwisha kuzimika.

Basi, mwalimu wa jiografia, ukifika somo la volkano usiishie kwenye mdomo wa mlima. Washushe wanafunzi kilomita 100 chini, uwaonyeshe ardhi waliyosimama juu yake ilivyoundwa.