Sifa za PEPMIS

Wapo waliosifu bahari, wapo waliosifu pilau. PEPMIS, mfumo unaompima mwalimu wa Tanzania, haujapata hata ubeti mmoja. Huo ni uonevu, nami nimesimama kuutetea mfumo huu.

Umeokoa miti. OPRAS, mfumo uliotangulia, ulioletwa mwaka 2004, ulitaka fomu nakala tatu, na humo 1 ndiyo ilikuwa alama ya sifa na 5 ya aibu. Hayo yamepita. Umekuza pia biashara ya bando, ambalo mwalimu hujinunulia.

Lakini fadhila yake kuu ni kichuguu. Shuleni kwetu mtandao hauingii ofisini. Unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya vyoo. Zamani nani alikithamini? Leo ndiyo makao makuu ya taaluma. Jioni tunakipanda kwa cheo: mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, kisha sisi wengine, simu zimeinuliwa juu kama tunaomba mvua. Anayefika kileleni huikata kazi yake vipande, hujaza lengo, hujaza alichotekeleza, hubonyeza. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, mtandao unakata, anashuka kumpisha mwenzake. Vitambi vimepungua. Posa moja imepelekwa kutokana na foleni ile. Hata mchwa sasa ni wadau wa elimu.

Na matokeo yake! Nimepata alama nzuri kutoka kwa msimamizi ambaye hajawahi kuniona nikishika chaki. Aliidhinisha akiwa kileleni, mbiombio, chaji inaisha. Simlaumu: naye anapimwa na afisa, afisa anapimwa na mkubwa wake, kila mmoja macho juu. Darasa halitazamwi na mtu. Naulizwa nimetekeleza asilimia ngapi. Siulizwi kwa nini Serikali yenyewe inataka wanafunzi 45 kwa darasa nami ninao zaidi ya mia, wengine sakafuni. Mtoto wa Darasa la Nne asiyejua kusoma hana kisanduku chake mle mfumoni. Nikibaki naye baada ya vipindi au nikienda zangu nyumbani, asilimia yangu ni ileile!

Kupimwa sikatai. Lakini anayenipima aje akae kipindi kimoja cha Hisabati, dakika 40 tu, kisha aandike apendavyo. Na awahi, madawati hayatoshi.